Kwa nini kilele cha sefiroti ni taji na si kichwa?

Mdadisi wa Batini:

Ndugu zangu, nimekuwa nikisoma kuhusu sefiroti kumi za Kabala, yaani ngazi kumi ambazo kwazo Mungu hujidhihirisha kwa mujibu wa elimu ya batini ya Kiyahudi, na kuna jambo la msingi ambalo waandishi wengi hulipita haraka. Sefiroti hizo mara nyingi huelezwa kwa umbo la mwili wa binadamu: Hesedi na Gevura ni mikono miwili, Tifereti ni kiwiliwili, Netsahi na Hodi ni miguu. Kwa mpangilio huo ningetarajia kilele kiwe kichwa. Badala yake tunakutana na Keteri, yaani taji, kitu ambacho si kiungo hata kidogo. Huvaliwa na kuvuliwa, na mtu huishi maisha yake yote bila kuwa nacho.

Ninaomba kufahamu mambo mawili. Kwanza, Wakabala walikusudia nini walipoweka juu kabisa kitu kilicho nje ya mwili? Pili, kwa waandishi wa elimu ya batini ya Magharibi, hasa waliotokana na Golden Dawn, chama cha siri cha Uingereza, nalikuta jina lilelile, lakini huko taji linaonekana kuwa daraja la mtu aliyekwisha kupanda ngazi zote. Je, hilo ni fundisho moja lililoendelezwa, au ni mafundisho mawili yanayotumia jina moja?

Msomaji Mkongwe:

Ndugu Mdadisi, kwa maoni yangu taji lilichaguliwa kwa sababu hiyohiyo inayokutatiza. Sefira ya pili ni Hokma, yaani hekima, na hapo ndipo fikra inapoanza kuchipuka. Kwa hiyo kilicho juu yake hakiwezi kuwa fikra tena, wala kichwa kinachofikiri. Kilihitajika kitu kinachomhusu mfalme kuliko vyote, ambacho hata hivyo kiko juu ya akili yake. Ndiyo maana wengine huieleza Keteri kuwa ni utashi unaotangulia kila wazo, na wengine huiita Ayini, yaani Si-kitu, si kwa kuwa haipo, bali kwa kuwa akili haipati pa kuishika. Jina la Mungu linaloambatanishwa nayo ni Ehye, lile ambalo Musa alilisikia katika kijiti kilichowaka moto, katika Kutoka 3:14.

Historia yake nayo inasaidia. Kitabu cha kale cha Sefer Yetzirah kinataja sefiroti kumi na herufi 22, lakini hakiiti yoyote kati ya hizo kumi Keteri. Jina la Taji Kuu linajitokeza katika Bahir, kitabu kilichojulikana kusini mwa Ufaransa katika karne ya 12, kisha linapanuliwa sana katika Zohar, kitabu kikuu cha Kabala, iliyoanza kusambaa Castile, Hispania, mwishoni mwa karne ya 13. Hata hivyo, taji la Mungu ni la zamani kuliko vitabu hivyo vyote. Katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, traktati ya Hagiga, yumo malaika Sandalfoni, ambaye husimama nyuma ya gari la Mungu na kumfungia Muumba wake mataji. Midrashi, yaani maandishi ya marabi yanayofafanua Maandiko, zinaeleza kwamba taji hilo hufumwa kwa sala za watu, na kwamba malaika huliapisha lipande lenyewe hadi kichwani pa Mfalme. Sala ya Musafu, yaani sala ya ziada ya Sabato na sikukuu, katika madhehebu ya Kisefaradi, ya Wayahudi wenye asili ya Hispania, bado inatamka kwamba malaika walio juu, pamoja na Israeli walio chini, wanamtolea Mungu taji.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo. Mfalme havai taji kwa kulitengeneza mwenyewe, huvikwa. Kabla ya kuwa jina la sefira, taji lilikuwa tendo, na tendo hilo lilianzia chini, kwenye midomo ya wanaosali. Wakabala walipolihamishia kwenye kilele cha uungu hawakulisahau asili yake, kwani sefira ya kumi, Malkuti, yaani Ufalme, nayo huitwa Atara, ambalo pia ni taji. Kwa hiyo mpangilio wote una taji juu na taji chini, na Sefer Yetzirah ilikwisha kusema kwamba mwisho wa zile kumi umefungwa katika mwanzo wake, kama mwali wa moto ulioshikamana na kaa.

Mwanafunzi wa Hermesi:

Ninakubaliana na Msomaji Mkongwe, nami nitajaribu sehemu ya pili ya swali. Kabala iliingia kwa wasomi Wakristo wa Ulaya kupitia watu kama Giovanni Pico della Mirandola, aliyeijumuisha katika hoja zake 900 za mwaka 1486, na Johannes Reuchlin, aliyechapisha kitabu chake kikuu juu yake mwaka 1517. Christian Knorr von Rosenroth alitoa tafsiri za Kilatini kati ya 1677 na 1684, na sehemu ya tafsiri hizo ndiyo ambayo Samuel Liddell MacGregor Mathers aliihamishia katika Kiingereza mwaka 1887, mwaka mmoja kabla ya Golden Dawn kuanzishwa London. Katika safari hiyo, sala ya jumuiya, ambayo ndiyo iliyokuwa ikilifuma taji, iliachwa njiani. Kilichobaki ni mchoro wa Mti wa Uzima, unaozionyesha sefiroti kumi, nao ukageuzwa kuwa ngazi ya madaraja, kuanzia Malkuti hadi Keteri, ambako daraja la juu kabisa liliitwa Ipsissimus.

Kwa haki ni lazima niongeze kwamba katika Golden Dawn yenyewe madaraja matatu ya juu hayakuwa ya wanachama wa kawaida. Yalihesabiwa kuwa ya Wakuu wa Siri wasioonekana. Ni baadaye tu Aleister Crowley, aliyewahi kuwa mwanachama wake, katika utaratibu wake mwenyewe, alipodai mwaka 1921 kuwa amefika hapo. Sioni namna ya kulinganisha dai kama hilo na Keteri ya Zohar, ambayo hata fikra haiifikii.

Ajabu ni kwamba kichwa ulichokitarajia, ndugu Mdadisi, kilirudishwa na Wamagharibi. Dion Fortune, mwandishi Mwingereza wa elimu ya batini, katika kitabu chake cha mwaka 1935, anaiambatanisha Keteri na fuvu la kichwa, na vilevile na yungiyungi la petali elfu la yoga, ambalo mahali pake ni utosini.

Mdadisi wa Batini:

Ninawashukuru nyote wawili. Limenibakia jambo moja. Katika taroti, yaani karata zinazotumiwa pia kwa kupiga ramli, kadi ya Moja ya Panga ina upanga ambao ncha yake imepenya taji, na nimesoma kwamba kadi zote nne za Moja ni za Keteri. Je, taji hilo ni Keteri?

Mwanafunzi wa Hermesi:

Kwa mfumo wa Golden Dawn, ndiyo. Kadi hizo nne ziliwekwa chini ya Keteri, na seti iliyochorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite mwaka 1909 inafuata mkondo huo. Lakini upanga uliopenya taji, pamoja na matawi mawili yanayoning'inia, umo tayari katika karata za mtindo wa Marseille, ambazo watu walikuwa wakichezea mchezo wa kawaida. Mtu wa kwanza tunayemfahamu kuzihusisha taroti na herufi za Kiebrania kwa maandishi ni Comte de Mellet, mwaka 1781, na mfumo ulioenea ni wa Éliphas Lévi, mwanabatini Mfaransa, katika miaka ya 1850. Kwa hiyo mchoro ulitangulia, na Keteri ikaja kusomwa ndani yake baadaye.

Msomaji Mkongwe:

Nami niongeze tahadhari moja, kwa kuwa vitabu vingi vya Magharibi huizungumzia Keteri kana kwamba ndiyo Mungu mwenyewe. Wakabala walilijadili sana suala hilo, na wapo waliokaribia kuiunganisha na Ein Sofu, yaani Asiye na Mwisho. Mkabala Moses Cordovero, katika kitabu alichokikamilisha mjini Safed, Galilaya, mwaka 1548, alilipinga wazo hilo kwa hoja ndefu: Keteri, kwa utukufu wake wote, imetokana na kitu, ilhali Ein Sofu hakutokana na chochote. Katika shule ya Isaac Luria, Mkabala wa Safed aliyemfuata, Keteri mara nyingi haihesabiwi kabisa miongoni mwa zile kumi, na nafasi yake katika hesabu huchukuliwa na Daati, yaani Maarifa.