Wauza laptop za mtumba, acheni kutuambia "nunua mausi" tachipadi ikigoma!

Wakuu, heshima zenu. Leo nimekuja na hasira na sitaificha.

Nina stesheni (duka la kuchapa kazi na vifaa vya kuandikia) jirani na chuo, kazi yangu ni kuchapa: ripoti za fildi, risachi, CV, mihtasari ya vikao. Nilinunua laptop Kariakoo, zile za mtumba zinazoletwa kutoka Dubai, laki nne na nusu taslimu. Nilimweleza muuzaji wazi kabisa kwamba ni ya kuchapia kutwa nzima. Akanijibu, "Dada yangu, hii ilikuwa ya ofisini Ulaya, chukua bila wasiwasi."

Haikuchukua muda, tachipadi, kile kibao cha kusogezea mshale kwa kidole, ikaanza vituko. Unachapa sura ya tatu ya mtoto wa watu, ghafla mshale umeruka juu, maneno yanaangukia katikati ya jedwali. Ukisogeza faili, linaingia folda nyingine. Kibaya zaidi, kitufe cha kushoto kinajibonyeza chenyewe: aya nzima inawekewa kivuli cha bluu, ukigusa herufi moja tu imefutika yote. Kuna binti alikuwa amesimama pembeni yangu, anatetea kazi yake asubuhi hiyo hiyo, akaona kurasa zake zinavurugika mbele ya macho yake. Alilia pale dukani. Sitasahau.

Nikarudisha mashine kwa muuzaji. Jibu: "Nunua mausi, elfu kumi tu." Nikamwambia mausi ninayo, na hata nikiitumia, tachipadi bado inabonyeza yenyewe. Akasema basi, nipige Windows upya. Nikalipa elfu ishirini, programu zangu zikaenda na maji, tatizo likabaki palepale. Niliporudi tena nikaambiwa eti vidole vyangu vina jasho! Ni kweli unyevunyevu huichanganya tachipadi, maana inafanya kazi kwa kupima mabadiliko madogo ya umeme kidole kinapogusa. Lakini hii ilikuwa inajibonyeza hata mikono yangu ikiwa mapajani.

Aliyeniokoa ni fundi kijana wa mtaani kwetu. Hakuiwasha hata kuiwasha. Aliiweka kwenye meza ya kioo, ikawa inayumba. Akalaza rula pale unapopumzisha viganja, tukaona katikati pamebinuka, na ukingo wa tachipadi umenyanyuka kiasi cha kupitisha kadi ya benki. Akafungua skrubu za chini. Betri ilikuwa imevimba kama mto! Ilikaa chini ya tachipadi, inaisukuma juu mpaka kitufe kinabaki kimebonyea.

Jamani, hilo si suala la mausi. Betri ya lithiamu ikichakaa hutengeneza gesi ndani ya mfuko wake, na huchakaa upesi kwa joto na kwa kukaa kwenye chaja muda wote, na mashine nyingi za ofisini ndivyo zinavyotumika. Ikitobolewa au ikibanwa vibaya inaweza kushika moto. Mimi nilikuwa naikandamiza kwa viganja kutwa, usiku naiacha kwenye chaja chumba wanacholala wanangu. Na mtu anayeuza laptop kila siku ya Mungu, aliyeishika kwa mikono yake miwili, akaniambia ninunue mausi.

Sisemi kila tachipadi inayoruka ni betri. Jirani yangu yake ilikuwa inaruka ikiwa kwenye umeme tu, akichomoa chaja inatulia. Yeye aliuziwa chaja yenye waya usio na ethi (njia ya kupeleka umeme unaovuja ardhini), ukigusa bodi ya chuma unasikia vimeme vinakutekenya. Alibadilisha chaja, akachomeka kwenye soketi yenye ethi, ikaisha. Wengine ni draiva, programu ndogo inayoendesha tachipadi, imebadilika baada ya Windows kujisasisha, unairudisha ya zamani. Ukikuta tatizo lipo hata kabla Windows haijawaka, kwenye zile mashine ambazo BIOS (mipangilio inayofunguka kabla ya Windows) inakubali tachipadi, basi ujue si la programu, usilipe mtu akupigie Windows. Haya yote muuzaji angeyapima mbele yako chai haijapoa. Hataki tu, kwa sababu ameshapokea hela.

Risiti yake imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Anadhani maandishi hayo yanafuta sheria? Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema mnunuzi akimweleza mfanyabiashara kazi anayotaka kuifanyia bidhaa, akategemea ujuzi wake, bidhaa iwe inafaa kwa kazi hiyo. Na mimi nilimweleza. Mtumba au mpya, betri iliyovimba haifai kwa kazi yoyote.

Kwa mlio na laptop zinazofanya hivi: ziwekeni mezani leo, mwone kama zinayumba. Zikiyumba, zimeni, chomoeni chaja, na msiruhusu mtu aitoe betri kwa kuichokonoa na bisibisi. Msiitoboe itoke hewa, nimesikia mafundi wanashauri hivyo na ni hatari kubwa. Wala msiitupe jalalani pamoja na takataka za nyumbani.

Mimi namdai yule bwana gharama ya betri mpya na elfu ishirini yangu ya Windows. Picha ninazo, risiti ninayo, na fundi yuko tayari kusema alichokikuta. Kuna mwenzetu humu amewahi kupeleka lalamiko la namna hii Tume ya Ushindani, FCC? Ulianzia wapi, na walidai vielelezo gani? Nijibuni, Jumatatu nafunga stesheni niende.