Kaka anaachana na mkewe: duka la marehemu baba tulinusuruje?

DadaWaBusia

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Naandika kutoka Busia, upande wa Uganda, na hili jambo linaninyima usingizi.

Baba alifungua duka la vifaa vya ujenzi mwaka 1998: mabati, nondo, misumari, saruji. Alipofariki 2011, kaka yetu mkubwa ndiye aliyelishika. Akasajili jina la biashara kwa jina lake, maana wauzaji wa Kampala walitaka mtu mmoja wa kuongea naye. Mama na sisi wengine watatu tulinyamaza, kwa sababu ada za shule na dawa za mama zilitoka palepale. 2014 kaka akafunga ndoa kanisani. Sasa yeye na wifi wanaachana, na safari hii wazee wameshindwa kuwapatanisha.

Ukoo ulikaa Jumamosi. Mjomba anataka duka liandikwe jina la mdogo wetu kabla wifi hajaenda mahakamani, na mabati yahamishwe usiku kwenda ghala la Tororo. Kaka amekubali. Mimi moyo unakataa. Wifi amekaa kaunta miaka 9 bila mshahara, mimba zote mbili kazibebea pale. Lakini naogopa pia. Duka likikatwa katikati, mama atakula nini?

MkongweWaKikuubo

Dada, msihamishe hata msumari. Mimi nilipeleka mali kwa binamu yangu wiki mbili kabla ya kesi. Wakili wa mke wangu akaja na picha za ghala na stakabadhi za lori. Nikawekewa zuio, nisiuze wala nisiguse akaunti mpaka kesi iishe, na kesi ilizidi mwaka. Waliokuwa wakinikopesha mali waliposikia, kila mmoja akataka pesa taslimu. Na binamu? Mpaka leo anasema mali ni yake, na karatasi nilizosaini mwenyewe zinamuunga mkono. Mdogo wenu ni mtu mwema leo. Muulizeni mjomba, je, akioa kesho naye aachike?

SheriaMbale

Tuanze na hofu ya kukatwa katikati. Uganda hakuna sheria inayosema talaka lazima igawe nusu kwa nusu. Ibara ya 31 ya Katiba ya 1995 inawapa mume na mke haki sawa ndani ya ndoa na inapovunjika, ila Mahakama ya Juu ilieleza mwaka 2013 kwamba mgawo hufuata mchango wa kila mmoja. Na mchango si fedha tu. Kukaa kaunta miaka 9 bila mshahara ni mchango mzito. Wifi yako ana fungu, hilo msibishane nalo. Swali ni fungu la nini.

Hapo nakuuliza: baba alipofariki, kuna aliyechukua barua za usimamizi wa mirathi, yaani kibali cha mahakama cha kusimamia mali ya marehemu? Kusajili jina la biashara hakumfanyi kaka awe mwenye mali ya marehemu. Mama na ninyi watoto mna haki mle ndani. Aliyoacha baba 2011 ni hesabu moja, iliyoongezeka tangu wifi aingie ni hesabu nyingine. Kinga ya duka iko hapo, wala haihitaji lori la usiku.

Halafu, wanalala wapi? Kama nyumba yao iko kwenye kiwanja hichohicho, Sheria ya Ardhi ya 1998, ilivyorekebishwa 2004, inaiita ardhi ya familia. Kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mke ni batili, na yeye anaweza kuweka zuio kwenye hati.

DadaWaBusia

Barua hatukuchukua kabisa. Na ndiyo, wanaishi vyumba vya nyuma ya duka.

MlinziWaUkoo

Mimi siungi mkono. Lile ni jasho la marehemu. Mwanamke akiondoka ataolewa kwingine, na mali ya ukoo itamfuata huko.

HajatiArua

Mwanangu, jasho la marehemu liliishia 2011, Mungu amrehemu. Tangu hapo nani aliyefungua mlango kila asubuhi? Na wale watoto wawili ni damu ya ukoo huohuo. Mama yao akitoka mikono mitupu, watarudi kula kwa nani?

Dada, muite wifi yako mezani, aje na mtu wake. Fungu lake lilipwe kwa awamu ili duka lisifungwe. Mwandikiane makubaliano, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ashuhudie, kisha mawakili wayapeleke mahakamani yawe amri. Mahakama yenyewe huwatuma watu kwenye usuluhishi kwanza. Kama wifi hana pesa ya wakili, mwelekeze FIDA Uganda, chama cha mawakili wanawake, wanasaidia wanawake bure. Nasema hivyo kwa faida yenu pia. Akisaini bila wakili, kesho atasema alilazimishwa.

MhasibuJinja

Kabla ya kikao hesabuni mali yote, wifi akiwepo. Mfano tu: bidhaa za milioni 180, mnadaiwa na wauzaji 70, nanyi mnawadai wateja 25. Thamani ni 135, siyo 180. Watu huvunja maduka kwa kugawana mali ambayo nusu yake ni deni la Kampala. Kuanzia leo pesa za mauzo ziingie akaunti moja, na kaka asitoe pesa kwenye simu bila kuandika.

Kampuni yenye hisa za mama na ninyi wote mkaisajili URSB, ofisi ya serikali ya kusajili biashara, lakini baada ya wifi kulipwa. Mkiisajili sasa itaonekana njama.

DadaWaBusia

Asanteni sana. Nimemsomea mama majibu yote jana usiku. Leo asubuhi kamwita mjomba, kamwambia lori lisije. Kaka kanuna, lakini kakubali kuhesabu Jumapili tukishafunga.

Nimempigia wifi. Alinyamaza kwanza, kisha akasema atakuja, na ataleta daftari la wateja waliokopa. Kumbe wadeni wote anaandika yeye. Kaka hana hata jina moja.