Mnaopandisha ramani za ndege za rimoti bila kitovu cha uzito, acheni!

Wakuu, hii tabia imezidi. Mtu anachora ndege nzima, anatoa vipimo vya kila kipande cha foamu hadi waya wa eleveta (kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua), halafu alama ya kitovu cha uzito, pale ndege inaposawazika ukiishika kwa vidole, haipo. Akiulizwa anajibu "weka robo ya bawa". Robo ya wapi?

Asilimia 25 hadi 33 ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele ni sawa kwa bawa lenye upana mmoja toka shinani, linapoungana na mwili, hadi nchani. Bawa linalopungua lina hesabu yake. Chukua lenye sm 24 shinani, sm 16 nchani, ukingo wa nyuma umenyooka. Upana wastani wa kukokotolea ni sm 20.3, nao unaanzia sm 3.7 nyuma ya ukingo wa mbele wa shina. Jumlisha robo yake, sm 5.1, unapata sm 8.8. Anayepima robo ya shina anapata sm 6, anajaza risasi (madini mazito ya kuongeza uzito) puani bure, na wakati wa kutua ndege inagoma kuinua pua. Ndege ya bawa tupu, isiyo na mkia, inataka asilimia 15 hadi 20 tu. Ukiipa 30 haitulii hata sekunde moja.

Halafu kuna wanaosawazisha bila betri! Pima kila kitu kikiwa mahali pake: betri, propela, servo (mota ndogo za kuvuta eleveta na vibao vingine), rangi imekauka. Ndege ya bawa la chini igeuze juu chini, la sivyo itakupindukia vidoleni. Pua ikiinama kidogo, sawa. Mkia ukishuka, usirushe: ukigusa eleveta ndege inaruka juu, bawa linapoteza nguvu ya kuinua, na hapo hakuna kuokoa.

Sogeza betri kwanza, risasi baadaye. Gramu 10 za gundi mkiani, sm 45 nyuma ya kitovu, zinadai gramu 30 kwenye pua iliyo sm 15 mbele. Ndiyo maana mkia haumwagiwi gundi ovyo.

Ikisharuka, iweke sawa, panda juu sana, ishushe kwa nyuzi kama 45, achia eleveta. Ikijiinua kwa nguvu, pua ni nzito. Ikizidi kuzama, mkia ni mzito. Tua, sogeza betri mbele milimita 5, rudia.

Wenye ramani humu, rudini mzihariri: sentimita ngapi kutoka ukingo wa mbele wa shina, na betri ya gramu ngapi.