Mtoto halali mpaka alazwe kifudifudi, nimwache?

UmmiMpya: Asalaam aleikum. Mwanangu hajatimiza arubaini. Nikimlaza chali anashtuka, anatupa mikono, analia. Nikimgeuza kifudifudi analala fofofo mpaka alfajiri. Mavyaa asema chali atapaliwa na maziwa. Ushauri tafadhali, matusi kaeni nayo.

MamaSwaleh: Sote tulilazwa kifudifudi na tuko hai. Mwache mtoto alale, nawe ulale.

NesiMstaafu: Walio hai ndio wanaosimulia. Chali, mwanangu, kila usingizi, hata wa mchana. Akiwa chali njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, maziwa yakirudi huyameza au huyatema. Marekani walianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1994, vifo vya ghafla usingizini vikapungua karibu nusu. Kwani analala wapi?

UmmiMpya: Ndani.

NesiMstaafu: Ndani wapi?

UmmiMpya: Sebuleni, kwenye kochi. Feni iko huko na mwajua joto la Kisauni. Analala kifuani pa babake, mimi niko chini mkekani. Nimeweka mito pande zote, haanguki.

KijanaWaMajengo: Baba kageuzwa godoro 😂 Wangu alilala kwenye beseni la nguo, stima zikipotea twampepea kwa kipepeo cha ukindu. Leo ndiye golikipa wa mtaa, hapitwi na kitu.

NesiMstaafu: Kochi ni hatari kuliko hata kitanda chenu. Uso huzama katikati ya mito au ubavuni mwa mtu. Babake avuta sigara? Mtoto alizaliwa na kilo ngapi?

UmmiMpya: …Avutia barazani, ndani haingii na moshi. Kilo 2.1, lakini kashanenepa, mashavu haya! Na mito ni mipya.

NesiMstaafu: Moshi huingia naye kwenye shati. Mtoto mdogo hivyo na mvutaji hawalali pamoja kabisa. Ondoa mito yote. Godoro gumu, shuka iliyokazwa, neti ichomekwe vizuri, chumba kimoja nanyi lakini pake mwenyewe. Joto likizidi, nepi yatosha. Feni hubebwa.

ShangaziBaraka: Arubaini haijaisha mzazi yuko mkekani! Zama zetu mzazi alikandwa, akalishwa, hagusi sakafu. Mume ndiye angelala chini.

MachoManne: Ngojeni. Huyu mwezi jana alitangaza hapa kitanda cha mtoto, mninga, na godoro lake. Leo mtoto hana pa kulala? Kesho atatokea "mgeni" kuuliza kitanda chapatikana wapi. Hii ni biashara, wazee.

UmmiMpya: Wallahi si tangazo! Mavyaa alisema mtoto mchanga halazwi peke yake, nikaona kiuzwe. Hakijauzwa. Kipo chumbani, kimejaa nguo.

KijanaWaMajengo: Nguo zalala pazuri kuliko mtoto.

NesiMstaafu: Zitoe sasa hivi.

MamaSwaleh: Bei ni ile ile? Wifi yangu ajifungua mwezi ujao.

MachoManne: Si niliwaambia.