R6 moja kwa barabara na uwanja wa mbio: nianze kubadilisha nini?

GiaYaSita:

Salaam kwenu nyote. Nina Yamaha YZF-R6 ya mwaka 2008 ambayo, ukiacha vioo na mikono ya breki na klachi, bado iko kama ilivyotoka kiwandani. Ninaiendesha kwenda kazini siku nyingi za juma, na sasa nimeanza kuiingiza kwenye uwanja wa mbio katika siku zile ambazo waendeshaji wa kawaida huruhusiwa. Sina fedha wala mahali pa kuweka pikipiki ya pili, kwa hiyo hii hii itabidi ifanye kazi zote mbili.

Nilipanga kuanza na ekzosi kamili, filta ya hewa na kuprogramu upya kompyuta ya injini, kisha nibadilishe sproketi (magurudumu ya meno yanayozungusha cheni), maana chini ya mizunguko 8,000 kwa dakika injini inaonekana kama imelala. Shokapu ningezitazama baadaye. Uzito wangu nikiwa nimevaa suti ya ngozi, kofia na buti ni karibu kilo 95. Ninapokuwa uwanjani, usukani hutikisika ninapotoka kwenye kona huku nikivuta mafuta, na mkono wa breki huanza kulainika na kusogea karibu na mshiko kadiri kipindi kinavyoendelea. Je, mpangilio wangu una mantiki?

FundiWaShokapu:

Ndugu, mambo mawili uliyoyataja mwishoni ndiyo yanayopaswa kula fedha zako za kwanza, na ekzosi isubiri.

Tuanze na breki, kwa kuwa hiyo haina mjadala. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani hata pikipiki ikiwa imesimama. Kwa mujibu wa viwango, mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi 155. Barabarani hutaligundua hilo kamwe. Uwanjani, ambako unafunga breki kwa nguvu mwishoni mwa kila sehemu iliyonyooka na kalipa (sehemu zinazobana pedi kwenye diski) hazipati nafasi ya kupoa, mafuta huanza kutoa viputo vya mvuke, na kwa kuwa mvuke hubanika ilhali kimiminika hakibaniki, mkono wako unatumia safari yake kubana viputo badala ya kubana diski. Ondoa mafuta yote ya zamani, weka DOT 4 bora au DOT 5.1, ambayo viwango vyake ni 260 ikiwa mpya na 180 ikiwa na unyevu, na uyabadilishe mara kwa mara kuliko mtu anayeishia barabarani. Usidanganywe na jina la DOT 5, kwa sababu hiyo ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine. Kama mipira ya breki ni ile ile ya mwaka 2008, iondoe uweke hosi zenye wavu wa chuma, kwa sababu mpira uliozeeka hutanuka kila unapobana. Pedi nazo zinahitaji uangalifu: zile za mbio tupu hazishiki vizuri zikiwa baridi, na asubuhi unapotoka nyumbani zitakuwa baridi daima.

Kuhusu usukani kutikisika, kabla hujafikiria kununua dampa (kifaa cha kutuliza mtikisiko wa usukani), inua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole kutoka upande hadi upande na usikilize kwa mikono. Ukihisi kama unaingia kwenye kijishimo ukifika katikati, beringi za usukani zimekwisha. Kama ziko sawa, ninashuku springi ya nyuma. Unapovuta mafuta, uzito huhamia nyuma. Springi ikiwa laini mno kwa uzito wako, mkia unazama, shokapu za mbele zinakuwa kama zimelazwa zaidi, gurudumu la mbele linapoteza mzigo, kisha linaanza kutafuta njia yake lenyewe.

Pima. Inua pikipiki hadi gurudumu la nyuma lining'inie, upime kutoka ekseli hadi alama uliyoweka kwenye mkia juu yake. Ishushe, keti ukiwa na mavazi yote, miguu ikiwa kwenye vikanyagio na mtu akiishikilia isianguke, kisha upime tena. Tofauti ya milimita 30 hadi 35 ni nzuri kwa matumizi yako. Halafu shuka, pikipiki isimame kwa uzito wake peke yake, upime mara ya tatu. Nyuma inapaswa kuzama kidogo, tuseme milimita 5 hadi 10. Kipimo hiki cha tatu ndicho wengi hukiruka, ilhali ndicho kinachosema kweli, kwa sababu ukikaza springi laini kupita kiasi unaweza kupata 35 ukiwa juu yake, lakini ukishuka pikipiki haizami hata kidogo. Hapo unajua kwamba tatizo si kukaza, bali springi yenyewe haikufai.

Ekzosi kamili na kompyuta iliyoprogramiwa vizuri zitakupa nguvu za farasi chache, nyingi zikiwa juu kabisa ya mizunguko, mahali ambapo R6 haikuwahi kuwa na njaa. Ukibadilisha kopo la mwisho peke yake utapata kelele na kupunguza kilo kadhaa. Filta ya hewa peke yake hutaihisi.

MpandaKilaSiku:

Ninakubaliana na FundiWaShokapu kuhusu breki na springi, ila sproketi ningeitetea, kwa sababu muulizaji haishi uwanjani. Gia ya kwanza ya R6 ni ndefu sana, na kwenye foleni unalazimika kuishikilia klachi nusunusu kwa muda mrefu huku joto la injini likikupanda mapajani. Ukirekebisha uwiano, kero hiyo inapungua kila siku, siyo siku za mbio tu.

Hesabu ni rahisi. Kiwandani imewekewa meno 16 mbele na 45 nyuma, yaani uwiano wa 2.81. Ukiweka 15 mbele unapata 3.00 kamili, na ukibakiza 16 mbele huku ukiweka 48 nyuma unapata 3.00 ile ile. Hata hivyo njia hizo mbili haziko sawa. Kupunguza jino moja mbele ni nafuu na hakuhitaji cheni mpya, lakini cheni inapinda kwa ukali zaidi kwenye sproketi ndogo na huchakaa mapema, tena ulegevu unaobaki unakulazimu kurudisha ekseli nyuma. Kuongeza meno matatu nyuma kunavuta ekseli mbele, jambo linalofupisha pikipiki na kuifanya igeuke kwa wepesi zaidi, ila cheni ya zamani huenda isitoshe. Kwa mtu ambaye tayari usukani wake unatikisika, kuifupisha pikipiki kabla ya kurekebisha springi ni kujitafutia balaa. Anza na 15 mbele.

Kumbuka pia kwamba sensa ya spidi ya pikipiki hii husoma kutoka kwenye giaboksi na siyo kwenye gurudumu. Baada ya mabadiliko hayo spidomita itazidisha kwa karibu asilimia 7 juu ya uongo wake wa kawaida, na kilomita zitahesabiwa kupita kiasi vilevile, isipokuwa uweke kifaa cha kurekebisha ishara.

Jambo jingine, kwa kuwa najua vikanyagio vya mbio vitafuata kwenye orodha: vingi hukuruhusu kugeuza mpangilio wa gia ili ya kwanza iwe juu na nyingine zishuke. Uwanjani sababu yake inaeleweka, maana ukiwa umeilaza pikipiki kushoto hakuna nafasi ya kupitisha buti chini ya wenzo wa gia. Lakini mtu anayeendesha pia pikipiki za wenzake, au anayeamka asubuhi akiwa na usingizi, siku moja atapanda gia alipotaka kushuka. Mimi ningeuacha ulivyo.

MkandaMweupe:

Wenzangu wamezungumzia vyuma; mimi nitaongezea kazi ya kuhama kutoka barabarani kwenda uwanjani na kurudi, kwa sababu huko ndiko pikipiki ya kazi mbili inakomuudhi mwenyewe hadi akaiuza.

Matairi kwanza. Kwa barabara kiwanda hupendekeza psi 36 mbele na 42 nyuma. Uwanjani upepo huo ni mwingi, kwa kuwa tairi likipata joto shinikizo hupanda, na matairi mengi ya barabarani yenye mwelekeo wa michezo huanza yakiwa baridi kwenye psi 30 hadi 32, ingawa neno la mwisho ni la mtengenezaji wa tairi lako. Pima mara tu unapoingia kutoka uwanjani, kabla halijapoa. Na pampu iwe kwenye begi: kurudi nyumbani ukiwa na 30 nyuma kunaifanya pikipiki ionekane nzito na kunaharibu tairi. Matairi laini ya mbio yasiyo na mifereji usiyawazie kabisa. Yameundwa kufanya kazi yakiwa yamepashwa joto kwa blanketi hadi karibu nyuzi 80, na kwenye safari ya kazini hayatafika huko.

Pili, kulanti, yaani kimiminika cha kupooza injini. Viwanja vingi hukataa kulanti yenye glaikoli, kwa sababu ikimwagika inateleza na haikauki kama maji. Wengi huweka maji yaliyosafishwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu, na kwa injini ya alumini dawa hiyo si pambo. Lakini kama mahali unapoishi baridi hufikia kuganda, maji hayo lazima yatoke kabla ya majira ya baridi, la sivyo barafu itapasua injini. Uliza sheria za uwanja wako kabla ya kumwaga chochote.

Kinga nazo zina mjadala wake. Vile vigogo vya plastiki vinavyofungwa kwenye fremu husaidia pikipiki ikianguka imesimama, ila ukiteleza kwa kasi hadi kwenye changarawe kigogo kinaweza kukita chini na kuivuta fremu. Kwa uwanja ningetanguliza vifuniko vya pembeni mwa injini, kwa sababu kifuniko cha kiwandani kikitoboka unamwaga oili mbele ya wenzako. Kava za kiwandani zivue uziweke nyumbani, ufunge zile nafuu za faibaglasi.

Mwisho, soma mkataba wako wa bima. Mingi haigharimii chochote kinachotokea uwanjani, na mabadiliko ya injini usipoyatangaza yanaweza kukuletea matatizo hata kwenye ajali ya barabarani.

GiaYaSita:

Nawashukuru sana. Nimepima nyuma kwa msaada wa jirani: nikiketi inazama milimita 46, na bila mimi inazama 9. Beringi za usukani ziko sawa. Je, bado nikaze, au niagize springi moja kwa moja?

FundiWaShokapu:

Agiza. Umekwishapata 9 pikipiki ikiwa peke yake, kwa hiyo ukikaza hadi 35 ukiwa juu yake hicho cha peke yake kitapotea. Mpe muuzaji modeli, mwaka, uzito wako ukiwa na mavazi, na umwambie kwamba inatumika barabarani na uwanjani, maana ukitaja uwanja peke yake atakupa ngumu mno. Agiza na za mbele kwa wakati mmoja, kwa sababu nyuma ikiwa imara na mbele ikabaki laini, pikipiki itapiga mbizi kila unapofunga breki. Shokapu za mbele zikifunguliwa, badilisha oili yake pia, kwani kazi ya kuzifungua ni ile ile. Ukishafunga zote, rudisha skrubu za kupunguza mrindimo kwenye namba za kitabu cha kiwanda na upime upya kabla ya kugusa kitu kingine. Usukani ukiendelea kutikisika baada ya hapo, ndipo tuzungumze kuhusu dampa.