Mama mkwe wangu Mpolandi aliyekulia Tengeru, tumkumbukeje?

MkeWaChicago: Jamani, mama mkwe katutoka wiki jana. 1940 Wasovieti waliwapeleka Siberia yeye na mama yake, wakaja kutokea Iran mpaka kambi ya wakimbizi ya Tengeru, Arusha, ana miaka sita, kakulia pale. Mpaka uzeeni akinisikia kwenye simu anadakia "karibu, karibu!" mikono imejaa unga wa pierogi, vile kama sambusa za kuchemsha vya kwao. Wanangu wanataka kumuenzi bibi yao, tufanyeje?

Mmeru_Damu: Pole sana dada. Kambi ilikuwa na Wapolandi karibu 5,000 na makaburi yao bado yapo yanatunzwa vizuri, mi nakaa jirani, nitumie jina lake inbox nikamuwashie mshumaa tarehe 1 Novemba kama wafanyavyo wao.

BabaZuu: Poleni. Si mkesha wa Krismasi wanaweka sahani moja ya ziada kwa mgeni yeyote atakayebisha hodi? Mwaka huu muwekeeni yeye.

MkeWaChicago: Asanteni, nimelia hapa. Hiyo sahani, krismasi yangu ya kwanza Marekani nilifika bila taarifa, akanikalisha pale pale, akanimegea opłatek, kile kimkate chao chembamba cha Krismasi, akasema karibu.