Iodini haigeuki buluu, nakosea wapi?

Mwalimu_wa_Kata: Wakuu, nafundisha baiolojia shule ya kata. Kidato cha nne wapo 58, maabara ni kabati moja na testi tyubu sita. Wiki ijayo tunapima vyakula, tukianza na wanga, ambao iodini huugeuza buluu. Jana nimejaribu nyumbani: iodini ya vidonda ya duka la dawa, nikadondosha kwenye uji wa muhogo uliotoka motoni. Buluu hakuna. Mke wangu kasema niache kuharibu chakula. Nimeuziwa feki?

FundiMaabara: Mwalimu, iodini haina kosa, uji ndio wa moto. Acha upoe ndipo udondoshe. Ukiupasha tena rangi inakimbia, ukipoa inarudi. Waonyeshe vijana hilo. Ila izimue kwanza kwa maji mpaka ifanane na chai ya rangi.

Protini usihangaike. Mrututu (kopa salfeti) upo duka la pembejeo, kostiki (sodiamu hidroksaidi) ipo kwa watengeneza sabuni. Mrututu gramu 1 kwa mililita 100 za maji, kostiki gramu 10 kwa mililita 100 nyingine, chombo tofauti. Ute wa yai uliozimuliwa, kostiki kiasi sawa nao, kisha mrututu matone mawili matatu: zambarau. Ukizidisha mrututu utaona buluu yake tu. Kupimia, sindano mpya za mililita 5, ncha zake tupa.

Kostiki unaitia kwenye maji, kamwe si maji juu ya kostiki. Na isiguse sufuria ya alumini! Mimi yangu ilichemka povu bila moto, mpaka leo naulizwa nyumbani iko wapi.

Mwalimu_wa_Kata: 😂 Na Benedict, ile dawa ya kupima sukari kama glukosi, je? Jiko la gesi pia sina.

Dada_Baiolojia: Benedict nunua kaka, hela kidogo uliyonayo iende huko. Jiko la mkaa linatosha: sufuria ya maji yanayochemka, testi tyubu zako zisimame humo, makundi yapokezane. Anza na glukosi ya dukani: kijani, njano, halafu nyekundu ya tofali. Sukari ya chai haitageuka, wala usiilaumu dawa. Na hizo dawa msiziweke kwenye chupa za soda, mtoto atakunywa.

Mwalimu_wa_Kata: Nimerudia na kiporo cha uji. Buluu nyeusi tii! Mrututu naufuata kesho. Kostiki nitakorogea kwenye ndoo ya plastiki, tena shuleni.